Zilipendwa: Sarufi ya Kumbukumbu za Muziki wa Ujana



Kiswahili hakina neno moja la kutajia hali inayompata mtu mzima anapousikia, bila kutarajia, wimbo alioucheza akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Maneno jirani yapo. Pana hamu, pana shauku, pana ukiwa, pana majonzi, na washairi wa Lamu, Mombasa na Pemba wameyatumia yote kwa ufundi mkubwa. Lakini hamu huelekea jambo linaloweza kupatikana, ukiwa ni upweke wa aliyefiwa au aliyeachwa, na majonzi hayana ile ladha tamu inayomfanya mtu atabasamu huku macho yakimlengalenga. Wanazuoni wa Ulaya hulitaja jambo hilo kwa neno lililobuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu katika mji wa Basel, ambaye aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu, ili ayape jina maradhi ya Waswisi waliodhoofika kwa kuwa mbali na kwao. Lilianza kama neno la matabibu, tena lilihusu mahali. Ulipita muda mrefu kabla halijahamia kwenye wakati, na likaanza kutumika kwa mtu ambaye yuko nyumbani kwake kabisa lakini anatamani miaka iliyokwisha.

Waswahili hawakulitafsiri neno hilo, na yamkini hawakulihitaji. Walichofanya ni kuupa jina muziki wenyewe. Jina walilouchagulia halikuanza kuwa nomino. Ni sentensi kamili yenye kiambishi cha nafsi, kiambishi cha wakati, mzizi na kauli: zilipendwa. Mhadhara huu unalichunguza neno hilo moja, kwa sarufi yake kwanza na kisha kwa maisha yake nje ya sarufi, kwa sababu kuna mambo kuhusu muziki wa ujana ambayo jina lake linayasema waziwazi, na mengine ambayo linayaficha.

Uchanganuzi wa kimofolojia hauna ugumu. Zi- ni kiambishi cha upatanisho cha ngeli ya nyimbo. -Li- ni wakati uliopita. -Pend- ni mzizi. -W- ni kauli ya kutendwa. -A ni kiishio. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataimaliza kazi hiyo kabla wino wa kalamu haujakauka. Ugumu unaanza pale anapoulizwa neno hilo ni la aina gani. Katika sentensi kama "nyimbo hizi zilipendwa sana Morogoro", ni kitenzi bila shaka. Lakini katika "bendi ile hupiga zilipendwa kila Jumapili", neno hilohilo limekaa mahali pa yambwa, mahali pa nomino, na hakuna msemaji anayeshtuka.

Hapa ndipo mpaka wa Namanga unapokuwa mpaka wa sarufi. Wakenya huuita muziki wa aina hiyo zilizopendwa, kwa kirejeshi -zo-. Umbo hilo ni la kawaida katika Kiswahili na lina ndugu wengi: yaliyomo, linaloandikwa mwanzoni mwa kila kitabu, yatokanayo, linaloandikwa katika kumbukumbu za kila kikao. Katika maneno hayo nomino kuu imedondoshwa, mambo au nyimbo, na kishazi rejeshi kimebaki kikibeba kazi yake. Msemaji akitaka, anaweza kuirudisha nomino na sarufi ikabaki salama: mambo yaliyomo, mambo yatokanayo, nyimbo zilizopendwa. Umbo la Tanzania halikubali jaribio hilo. "Nyimbo zilipendwa" si kirai. Ni taarifa iliyokamilika, na msikilizaji atasubiri sentensi nyingine.

Wapo wanaodai kwamba zilipendwa ni zilizopendwa iliyokatwa kwa haraka ya ulimi, kwamba silabi mbili zinazofanana, zi na zo, zilikaribiana mno na moja ikamezwa. Hoja hiyo ina mvuto lakini haina nguvu. Kama ulimi wa Mtanzania ungekuwa na tabia ya kumeza -zo-, basi ungeimeza pia katika "nyumba zilizobomolewa" na "barua zilizopotea", jambo ambalo halitokei. Maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba Kiswahili kina desturi ya zamani ya kuichukua sentensi nzima na kuifanya jina. Watoto huitwa Sikudhani, Sikujua, Semeni. Mtu mpumbavu huitwa hamnazo, na hapo -zo hurejelea akili ambazo hazikutajwa, kama vile zi- ya zilipendwa inavyorejelea nyimbo ambazo hazikutajwa. Kwa hiyo Mkenya amefupisha kirai, na Mtanzania amenukuu sentensi. Tofauti hiyo ni ndogo kwa sikio, lakini kwa maana ni kubwa: kirai hutambulisha kitu, ilhali sentensi hutoa ushahidi. Anayesema zilizopendwa anachagua baadhi ya nyimbo kutoka katika rundo. Anayesema zilipendwa anakula kiapo.

Kwamba neno hili limekwisha kuwa nomino kamili huthibitishwa na ugumu wake wa kubadilika. Wimbo mmoja hauitwi ulipendwa. Msemaji husema "wimbo huu ni zilipendwa", wingi ndani ya umoja, na hakuna anayeona kosa. Husema pia "muziki wa zilipendwa", na hata, kwa kejeli, "yule bwana sasa ni zilipendwa", akimkusudia mwanasiasa aliyeangushwa katika kura za maoni au mpenzi aliyeachwa. Kiambishi zi- hakitafuti tena nyimbo, kimeganda. Mwaka 2017 wasanii wa kundi la Wasafi walitoa wimbo ulioitwa kwa jina hilo, na neno likarudi katika vinywa vya vijana ambao wazazi wao walikuwa bado watoto Mbaraka Mwinshehe alipofariki. Katika matumizi yao, zilipendwa ni kila kitu ambacho zama zake zimepita. Maana imepanuka, na katika kupanuka imepoteza sehemu ya upole wake.

Viambishi viwili vinastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Cha kwanza ni -li-. Kimantiki, kusema kwamba kitu kilipendwa hakukanushi kwamba kinapendwa hadi leo. Lakini msikilizaji hahukumu kwa mantiki peke yake. Anayeambiwa "Bwana Hamisi alikuwa mwalimu" huelewa kwamba Bwana Hamisi hafundishi tena, ingawa hakuambiwa hivyo. Basi jina zilipendwa linadokeza kwamba mapenzi yamekwisha, na linadokeza hivyo kwa watu walewale ambao wamekaa mbele ya redio kwa sababu mapenzi hayajakwisha. Ukinzani huo ndio uhai wa neno. Kama nyimbo hizo zingeitwa zinazopendwa, zingekuwa nyimbo tu, zikishindana na za jana na za juzi. Kwa kuitwa zilipendwa, zimetolewa katika mashindano. Hakuna mtu wa kuuliza kama gita la Mbaraka linaweza kushindana na kompyuta ya studio ya sasa. Swali hilo limefungwa na -li-.

Cha pili ni -w-. Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji amwache mtenda nje ya sentensi, na hapa mtenda ameachwa nje kabisa. Zilipendwa na nani? Neno halisemi, na lingelazimishwa kusema, jibu lingetofautiana kutoka mtaa hadi mtaa. Wataalamu wa saikolojia wamebainisha kwamba watu wazima wanapoombwa wasimulie kumbukumbu za maisha yao, nyingi hurundikana katika kipindi cha umri wa miaka 10 hivi hadi 30, na kwamba muziki ni miongoni mwa vitu vinavyoufuata mrundikano huo kwa uaminifu. Kwa maneno mengine, kila kizazi kina zilipendwa zake, na -w- inawaruhusu wote watumie neno moja bila kugombana. Mzee wa Tanga aliyecheza muziki wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mama wa Tabora aliyekulia katika nyimbo za Kiko Kids, mwalimu mstaafu wa Nairobi ambaye ujana wake ulikuwa Daudi Kabaka na Fadhili William, wote husema wanakumbuka nyimbo zilizopendwa, na kila mmoja ana yakini kwamba anazungumzia nyimbo zilezile.

Inafaa kulinganisha na jina la wenzao. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1980, vituo vya redio vimekuwa na vipindi, na baadaye stesheni nzima, za muziki wa roki wa miaka ya 1960 na 1970, muziki wa The Beatles, The Rolling Stones, Led Zeppelin na wengine wa zama hizo, na muziki huo huitwa roki ya klasiki. Watu waliokuwa vijana wakati huo huko London au Chicago huusikiliza kwa hisia zilezile ambazo mzee wa Magomeni huzisikilizia Msondo. Lakini jina ni la aina nyingine. Klasiki ni neno la cheo. Linasema kwamba kitu kimekuwa kielelezo, kimepasi mtihani, kinastahili kuwekwa kabatini pamoja na vitabu vya Kilatini. Halina wakati ndani yake wala halimtaji mpenda. Kiswahili kimekataa kutoa cheti. Kimesema tu kwamba mapenzi yalikuwapo. Kwa maoni ya mhadhara huu, hilo ni jina la kweli zaidi, kwa kuwa kinachomliza msikilizaji si ubora wa wimbo. Nyimbo nyingi za miaka hiyo, zikisikilizwa na sikio lisilo na deni nazo, ni za kawaida. Mtu hulia kwa ajili ya suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni, na rafiki aliyekuwa akimngoja nje ya ukumbi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mzanzibari maarufu kuliko wote katika historia ya roki. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, ambako alipiga piano katika bendi ya wanafunzi, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Huko akaitwa Freddie Mercury, na bendi yake ya Queen iliyoundwa mwaka 1970 ikawa miongoni mwa nguzo za roki hiyo ya klasiki. Tangu mwaka 2019 pana makumbusho yake Shangani, na watalii huingia wakiwa na machozi. Lakini Wazanzibari wa rika lake, waliobaki, hawana machozi hayo. Zilipendwa zao ni za Ikhwan Safaa na Culture Musical Club. Mahali alipozaliwa mwimbaji hapaleti kumbukumbu. Kinacholeta kumbukumbu ni mahali alipokuwa msikilizaji alipokuwa kijana.

Hata hivyo mito hiyo miwili haikutengana kabisa. Mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza liliurekodi wimbo wa Daudi Kabaka uitwao Helule Helule, ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzika sana nchini humo. Kwa hiyo wapo Waingereza wazee ambao miongoni mwa nyimbo za ujana wao mmoja ulitungwa Nairobi, na wengi wao hawajui. Patrick Balisidya, kiongozi wa Afro 70 ya Dar es Salaam, alirekodi mwishoni mwa miaka ya 1970 santuri iitwayo Bado Kidogo pamoja na Archimedes Badkar, kundi la Uswidi lililokuwa likichanganya roki na miziki ya mataifa. Vijana wa Dar es Salaam nao walikuwa na bendi zao za kupiga nyimbo za Kiingereza, na maneno ya nyimbo hizo waliyajifunza kwa sikio kutoka kwenye santuri, kama walivyojifunza Kilingala cha Kinshasa. Kijana wa Kariakoo aliimba ubeti mzima bila kuelewa hata neno moja, akaweka silabi za Kiswahili mahali pa zile zilizomshinda, na kumbukumbu yake hadi leo ni ya silabi hizo. Hakuna aliyekusanya maneno hayo yaliyosikiwa vibaya kwa utaratibu wa kitaaluma, ingawa yangetoa ushahidi mzuri kuliko majaribio mengi ya maabara kuhusu jinsi sikio la Mswahili linavyoipanga sauti ngeni.

Muziki huo wa kigeni haukupokewa na wote kwa furaha, na hapa jina zilipendwa linaanza kuficha. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, na Novemba mwaka huohuo wakuu wa serikali walipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Bendi zenyewe kwa sehemu kubwa zilimilikiwa na taasisi za umma. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika jina kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, hadi ikaitwa Msondo Ngoma kwa mtindo wake wenyewe. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa anayelipwa mshahara kila mwezi, na mashairi yake yalipitiwa na kamati kabla ya kurekodiwa redioni. Wengine husema kwamba kamati hiyo ndiyo iliyoboresha lugha ya nyimbo. Wengine kwamba iliwafundisha watunzi kufumba. Yote mawili ni kweli, na la pili ndilo lililozaa matunda mazuri zaidi. Mtunzi aliyekatazwa kusema jambo waziwazi alilisema kupitia ugomvi wa mume na mke, barua ya kutoka kijijini, au malalamiko ya mgonjwa, na wasikilizaji wakaelewa.

Namna nyimbo hizo zilivyohifadhiwa nayo imeuunda ukumbusho wake. Tanzania ya miaka ya 1970 haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Santuri za bendi zake zilichapwa Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, njia hiyo ikazibika. Kilichobaki ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilikwenda studio, ikarekodi nyimbo kadhaa kwa siku moja kwa vipaza sauti vichache, na kanda ikawekwa maktaba. Kwa muda mrefu redio hiyo haikuwa na mshindani; vituo binafsi vilianza miaka ya 1990. Matokeo yake ni jambo lisilo la kawaida katika fasihi ya masimulizi. Katika ukumbi, wimbo ulikuwa kitu kinachobadilika: sehemu ya kwanza ya taratibu, yenye beti na kisa, ilirefushwa au kufupishwa kadiri ya hadhira, na chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo magita yanaachiwa na wachezaji wanaingia uwanjani, lingeweza kuendelea hadi jasho litiririke. Lakini taifa zima lilikuwa likisikia toleo moja tu, lile la kanda. Watu wa Mtwara na Bukoba ambao hawakuwahi kuiona DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, wanaikumbuka Neema kwa pumzi zilezile za mwimbaji. Kosa dogo la mpiga gita siku ile studio limekuwa sehemu ya wimbo, na bendi ya leo inayopiga zilipendwa ikilisahihisha, hadhira hunung'unika.

Na sasa kuhusu yule mwingine aliyefichwa na -w-. Kauli ya kutendwa haikumwacha nje mpenda peke yake. Neno zilipendwa halimtaji mtunzi pia, na katika hili lugha na mazoea ya biashara vimekwenda bega kwa bega. Mtangazaji anayefungua kipindi cha zilipendwa mara nyingi hutaja jina la bendi, mara nyingine jina la wimbo, mara chache mwimbaji, na karibu asitaje kabisa aliyetunga, wala aliyecharaza gita la solo. Malaika ni wimbo unaojulikana duniani kote. Umeimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte, na baadaye na Boney M, lakini swali la nani aliyeutunga liliwagawa watu kwa miaka mingi, Fadhili William akiwa upande mmoja na Adam Salim upande mwingine. Ikiwa wimbo wenye umaarufu huo umekosa uhakika, hali ya nyimbo ndogo inaweza kukisiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni ya mwaka 1999. Ilipotungwa, Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikuwa amefariki miaka 34 iliyokuwa imetangulia. Mbaraka Mwinshehe, aliyeiwakilisha nchi huko Osaka mwaka 1970, alikuwa amefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Hemedi Maneti wa Vijana Jazz alifariki mwaka 1990, na Marijani Rajabu mwaka 1995. Wajane na watoto wa watunzi wa zama hizo wanazisikia nyimbo za baba zao katika baa, katika daladala, katika simu za vijana, na katika sherehe za harusi ambako mpiga muziki hulipwa, mpishi hulipwa, mpambaji hulipwa. Mapenzi yale yaliyomo katika neno hayakuwa na njia ya kuwafikia.

Zimefanyika jitihada. Kanda za Radio Tanzania zilirithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, na baadhi ya nyimbo zimetolewa upya ng'ambo. Mkusanyo wa Zanzibara uliochapishwa Ufaransa ulitenga juzuu ya mwaka 2007 kwa ajili ya dansi la Tanzania la miaka ya 1960. Jambo la kusikitisha kidogo ni kwamba mwanafunzi wa leo anayetaka maelezo ya kina ya bendi ya Morogoro huenda akayapata kwanza katika kijitabu cha Kifaransa. Idara za Kiswahili kwa muda mrefu ziliyaona mashairi ya dansi kuwa si fasihi ya kutosha: si utenzi, si taarabu, vina vyake havikukamilika. Vitabu vya sarufi vilijaa mifano iliyobuniwa mezani, ya Juma anayepiga mpira na Asha anayepika wali, ilhali katika kanda zile mlikuwamo maelfu ya sentensi za Kiswahili hai, zenye tarehe, zilizotungwa na watu wa Tabora, Tanga, Kindu na Lubumbashi na kueleweka na wote.

Sentensi hizo zinahitaji wenye kuzieleza, na hapo ndipo wakati unapobana. Majina ya mitindo yatosha kuwa mfano. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina: Msondo wa NUTA, Sikinde ya Mlimani Park, Saboso ya Western Jazz, Masika ya Super Volcano, Pambamoto ya Vijana. Msondo ni ngoma ya unyago, na Sikinde nayo ni ngoma ya Wazaramo. Bendi za mjini zenye magita ya umeme zilichukua majina hayo kwa makusudi, na kila mcheza dansi wa Dar es Salaam wa mwaka 1980 alijua kwamba anaalikwa uwanjani kwa jina la kitu ambacho bibi yake alikijua ndani ya kuta. Kijana wa leo husikia jina la bendi tu. Neno lenyewe halikubadilika hata herufi. Kilichotoweka ni bibi.

Hali ni hiyohiyo kwa mafumbo ya beti. Wimbo unaomlalamikia mke mtoro unaweza kuwa ni wimbo wa mke mtoro. Unaweza pia kuwa jibu la bendi iliyonyang'anywa mwimbaji na bendi pinzani, kwa kuwa wanamuziki walihamahama sana katika miaka ile na kila uhamisho ulikuwa na wimbo wake na majibu yake. Anayejua ni ipi kati ya hizo mbili ni mtu aliyekuwapo ukumbini usiku ule, aliyesikia hadhira ikicheka mahali ambapo kanda ya redio haina kicheko. Muhidin Gurumo, ambaye alikuwamo NUTA tangu miaka ya 1960 na akashiriki kuianzisha Mlimani Park, alifariki Aprili 2014. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyetumia Kiswahili cha Sinza kuwasema wakubwa, alikwisha kufariki Desemba 2010. Waliobaki ni wachache, na wasikilizaji wao walio hai wamevuka miaka sabini.

Wakati huohuo neno linaendelea na safari yake. Watu waliokuwa shuleni mwaka 2003 wana kazi na watoto sasa, na nyimbo za Bongo Fleva za miaka hiyo zimeanza kutangazwa kama zilipendwa. Wazee hulalamika kwamba huo ni wizi wa jina. Kisarufi hawana haki: zi- haikuwahi kutaja nyimbo gani, -li- haikuwahi kutaja mwaka gani, na -w- haikuwahi kusema ni nani aliyependa. Katika mitaa ya Dar es Salaam sasa husikika "zilipendwa za zamani", kirai ambacho mhariri makini angekikata kwa kalamu nyekundu kama urudufu, lakini wasemaji wanakihitaji, kwa sababu -li- moja haiwatoshi tena vizazi viwili.